Glezi za Chuma kwa Moto Mkali: Mwongozo Kamili wa Kuzitunga na Kuzijaribu Ukiwa Mombasa

Wafinyanzi wa Mombasa wanaoanza kuchoma kwa moto mkali huniletea vyombo vya aina mbili. Cha kwanza kina glezi (upako unaoyeyuka motoni na kuwa kioo) ya kahawia iliyofifia, haing'ai wala haina kina. Cha pili hakikufika kizima: glezi ilitiririka, ikakigandisha kwenye rafu ya tanuri, na kukibandua kukawa ndiyo kukivunja. Ukiwauliza, kila mmoja ana fomula yake, na mara nyingi fomula yenyewe haina kasoro.

Shida iko kwingine. Oksidi moja ya chuma inaweza kutoa kijani tulivu kiitwacho seladoni, asali, nyeusi inayong'aa au nyekundu ya kutu. Rangi utakayoipata inaamuliwa na mambo manne: kiasi cha chuma, unene wa glezi juu ya chombo, hewa iliyomo ndani ya tanuri, na namna tanuri linavyopoa. Fomula inakupa la kwanza peke yake. Hayo matatu lazima uyajue katika tanuri lako mwenyewe, na njia ya kuyajua ni safu ya vigae vya majaribio iliyopangwa vizuri. Kazi hiyo ndiyo ninayoieleza hapa.

Moto ninaouzungumzia ni wa koni 10, yaani kati ya nyuzi 1,280 na 1,300 za Selsiasi. Koni ni kijiti chembamba kinachowekwa tanurini ili kiiname joto likifika kiwango cha namba yake.

## Onyo la kwanza: udongo wa chombo

Usipake glezi ya moto mkali kwenye chungu cha udongo mwekundu wa kawaida wa Pwani, ule wa mitungi na vyetezo. Udongo huo una chuma kingi na unakomaa chini ya nyuzi 1,100. Ukiufikisha 1,280 utavimba, utapinda, na mwingine utayeyuka kabisa na kuharibu rafu. Kwa chombo chenyewe tumia udongo wa moto mkali ulioandikwa koni 10. Wengi wetu tunauagiza kutoka Nairobi.

Usiutupe udongo mwekundu, lakini. Kule kuyeyuka kwake kunaufaa sana ukiwa ndani ya glezi, na nitaurudia katika Hatua ya 9.

## Vitu unavyohitaji

Malighafi:

- Feldispa ya potasiamu, madini ya mawe yaliyosagwa. Ndiyo kiyeyushi kikuu. Tafuta kwa wauzaji wa malighafi za vigae, vioo na rangi.
- Silika, yaani kwatzi iliyosagwa laini. Ndiyo inayogeuka kioo.
- Chokaa isiyochomwa, yaani kalsiamu kaboneti ya unga. Maduka ya vifaa vya ujenzi huiuza kwa ajili ya kutengenezea rangi na upako wa ukuta.
- Kaolini, udongo mweupe laini. Huipa glezi uzito isitiririke, na huzuia unga usizame chini ya ndoo.
- Oksidi nyekundu ya chuma. Iliyo safi ni ile ya wauzaji wa malighafi za ufinyanzi. Ile rangi nyekundu ya sakafu inayouzwa madukani pia ni ya chuma, ila mara nyingi imeongezewa unga mwingine wa kuizidisha uzito. Unaweza kuitumia mradi uijaribu kwanza, na ukishaanza na mfuko mmoja usichanganye na mwingine.

Vifaa: mizani ya kielektroniki inayosoma gramu 0.1, jagi lenye alama za mililita, chekeche la tundu 80 kwa inchi, sindano ya mililita 20 isiyo na ncha kutoka duka la dawa, vikombe vidogo vya kahawa chungu, koni za 9, 10 na 11, barakoa ya N95, glavu, na daftari lenye jalada gumu.

Maji yana nafasi yake katika orodha hii. Visima vingi vya kisiwani na vya ufuoni vina maji ya chumvi. Chumvi hubadilisha uzito wa uji wa glezi na huacha ukoko juu ya chombo ukikauka. Tumia maji ya mvua, au maji matamu ya jerikeni uliyoyaonja.

Barakoa si hiari. Vumbi la silika likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba. Vaa kila unapopima unga mkavu, na ukimaliza usifagie: futa meza na sakafu kwa kitambaa kilicholowa.

## Hatua ya 1: Jaribu kila malighafi peke yake

Hatua hii watu huiruka, halafu wanapoteza miezi.

Chukua kijiko kimoja cha kila unga, ukande kwa maji kidogo, ufinyange kidonge cha ukubwa wa kitufe, ukiweke kwenye kisahani kidogo cha udongo wa moto mkali chenye kingo. Andika jina chini ya kisahani kwa oksidi ya chuma iliyokorogwa na maji, kwa sababu wino wa kalamu utaungua wote. Choma vyote kwa koni 10.

Matokeo sahihi ni haya. Feldispa inakuwa donge la kioo cheupe chenye maziwa, limeviringana lakini halijatambaa. Silika inabaki unga, au inashikana kidogo tu. Kaolini inabaki nyeupe na ngumu. Chokaa inabaki unga mweupe ambao baada ya siku chache unavimba na kubomoka kwa unyevu wa hewa, kwa kuwa sasa imekuwa chokaa hai. Usiiguse kwa mkono mtupu.

Kidonge cha feldispa kikibaki unga mkavu, ulichouziwa si feldispa. Umeokoa pesa na rafu.

Majaribio mawili mengine hayahitaji tanuri. La kwanza ni la mchanga. Mtu huona mchanga mweupe wa ufuoni akadhani amepata silika ya bure. Mwingi una vipande vya matumbawe na makombe, ambavyo ni chokaa, na umejaa chumvi. Tia kijiko kwenye glasi ya siki: ukichemka mapovu, chokaa imo. Mawe ya Mazeras ni mawe ya mchanga, na vumbi la wakataji wake linafaa kujaribiwa hivyohivyo, ingawa mara nyingi lina madoa ya chuma chake.

La pili ni la chokaa. Chokaa ya kupaka ukuta ambayo imezimwa kwa maji si sawa na ile isiyochomwa. Haitoi mapovu mengi kwenye siki, inaunguza ngozi, na inaufanya uji ugande. Ukilazimika kuitumia, fahamu kwamba gramu 74 za chokaa iliyozimwa hufanya kazi ya gramu 100 za isiyochomwa. Mahali pa gramu 30, weka 22.

## Hatua ya 2: Tengeneza vigae vinavyosema ukweli

Kigae kilicholala hakikuambii kama glezi inatiririka. Tengeneza vigae vinavyosimama: mkanda wa udongo wa upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 8, ukunjwe chini upate mguu.

Kabla haujakauka, chora mistari mitatu ya kina kwa kijiti, na ubandike uzi mmoja wa udongo juu yake uwe tuta. Chuma huonyesha tabia yake kwenye tuta na kwenye bonde. Juu ya tuta glezi inakuwa nyembamba na kuwa nyekundu ya kutu. Bondeni inajaa na kuwa nyeusi. Kigae laini kitupu kitakuficha uzuri wote huo.

Toboa tundu la kutundikia. Choma mara ya kwanza kwa koni 06, karibu nyuzi 1,000. Angalia vizuri ile sifuri: koni 06 na koni 6 zimeachana kwa zaidi ya nyuzi 200, na 010 na 10 zimeachana kwa karibu 400.

## Hatua ya 3: Pima na changanya msingi

Msingi ni glezi isiyo na chuma. Anza na ule unaojulikana kwa wafinyanzi wengi wa moto mkali: feldispa 40, silika 30, chokaa 20, kaolini 10. Nimeuchagua kwa sababu una malighafi nne tu, unasamehe, na unapokea chuma vizuri kuanzia kidogo hadi kingi.

Unyevu wa Mombasa unaingia ndani ya unga. Kaolini iliyokaa wazi msimu wa mvua inapimwa pamoja na maji yake. Anika unga juani kwenye sinia, au uweke kwenye oveni vuguvugu, kisha uhifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko.

Tengeneza jagi mbili, A na B. Kila moja iwe na gramu 150 za msingi:

- Feldispa 60
- Silika 45
- Chokaa 30
- Kaolini 15

Kwenye B pekee ongeza gramu 18 za oksidi nyekundu ya chuma, ambayo ni asilimia 12 juu ya msingi.

Tia unga juu ya maji, usitie maji juu ya unga. Vumbi litapungua na madonge yatakuwa machache. Acha uloe usiku mmoja, pitisha kwenye chekeche mara mbili, halafu ongeza maji mpaka kila jagi lifike alama ya mililita 200 kamili.

Ukamilifu wa alama hiyo ndio unaobeba jaribio zima. Kwa kuwa msingi ni sawa na ujazo ni sawa, kila mililita ya A ina msingi uleule kama mililita ya B, na unapochanganya kwa sindano kiasi cha chuma kinatoka sahihi. Utaona B ni nzito zaidi mkononi. Chuma ni kizito kwa asili, kwa hiyo usiongeze maji ukidhani umekosea.

Umefaulu ukiona uji una uzito wa tui la kwanza, hauna madonge, na A ukiipima mililita 100 zake zina takriban gramu 146.

## Hatua ya 4: Safu ya vikombe vitano

Panga vikombe vitano vya kahawa, uvipe namba, na ujaze kwa sindano. Koroga A na B kabla ya kila mvuto, kwa sababu chuma huzama upesi.

- Na. 1: A 40, B 0. Chuma asilimia 0.
- Na. 2: A 30, B 10. Chuma 3.
- Na. 3: A 20, B 20. Chuma 6.
- Na. 4: A 10, B 30. Chuma 9.
- Na. 5: A 0, B 40. Chuma 12.

Ukiwa na tanuri la gesi ongeza vikombe viwili vya seladoni: A 55 na B 5 kwa asilimia 1, na A 25 na B 5 kwa asilimia 2. Anayetaka kujua seladoni nzuri inavyoonekana aende Makumbusho ya Fort Jesus akatazame vyombo vya Kichina. Kile kijani tulivu ni chuma kidogo sana ndani ya glezi nene. Kuitazama kwa macho kunasaidia kuliko picha, maana kioo cha simu hubadilisha rangi hizi.

## Hatua ya 5: Kupaka, na suala la unene

Nikiambiwa nitaje sababu moja inayoharibu glezi za chuma kuliko zote, nitasema unene. Glezi yenye asilimia 9 ya chuma ikipakwa nyembamba haiwi nyeusi hata ufanye nini: inatoka kahawia kavu yenye kutu. Watu huongeza chuma, na mambo yanazidi kuharibika, kumbe kilichotakiwa ni sekunde mbili zaidi ndani ya uji.

Futa kigae kwa sponji yenye unyevu kuondoa vumbi, kiache kikauke. Kichovye kichwa chini hadi nusu, hesabu sekunde tatu, kitoe. Kikikauka, rudia kwenye robo ya juu tu. Sasa kigae kimoja kina unene wa aina mbili.

Dunga glezi kavu kwa ncha ya pini na utazame kina chake. Kwa tenmoku, yaani glezi nyeusi yenye kutu kwenye kingo, tafuta karibu milimita 1. Kwa seladoni, milimita 1.5. Chini ya nusu milimita usitarajie kitu. Andika unene huo daftarini pamoja na sekunde ulizochovya.

Acha sentimita 2 za chini bila glezi, na ufute kitako chote.

Glezi ikipasuka inapokauka kabla ya moto, itajikunja na kuacha vipara. Sababu ni unene uliopita kiasi, au vumbi, au mafuta ya vidole. Ioshe, kausha kigae, anza tena. Kuipapasa kwa kidole hakutoshi.

## Hatua ya 6: Kupanga tanuri

Kila kigae kikae juu ya kisahani chake cha udongo wa moto mkali chenye kingo za kudaka matone. Rafu ipakwe upako wa kinga wa kaolini na alumina (unga mweupe usioyeyuka kwa moto huu), nusu kwa nusu. Kisahani kimoja cha udongo ni rahisi kuliko rafu mpya inayosafirishwa hadi Mombasa.

Weka koni 9, 10 na 11 zikifuatana mbele ya tundu la kuchungulia, na seti nyingine juu au chini ya tanuri. Kipimajoto hukuonyesha joto la dakika hiyo. Koni huonyesha joto pamoja na muda lililofanya kazi, na glezi nayo huyeyuka kwa hesabu hiyohiyo. Vikitofautiana, fuata koni.

## Hatua ya 7: Kuchoma

Tanuri la umeme. Hewa ni tele mwanzo hadi mwisho. Panda polepole hadi nyuzi 120 na ukae hapo saa moja, kwani vigae vimebeba unyevu. Baada ya hapo nyuzi 150 kwa saa hadi 1,100, kisha 80 kwa saa mpaka koni 10 iiname. Usitupe kuni wala mafuta ndani ili kupata moshi. Nyaya za joto zinalindwa na utando unaohitaji hewa, na moshi huula.

Tanuri la gesi. Hapa ndipo chuma kinapobadilika kikemia. Ukibana hewa, moto unakosa oksijeni na kuivuta kutoka kwenye oksidi ya chuma. Oksidi nyekundu inageuka oksidi yenye oksijeni kidogo zaidi, na hiyo inafanya mambo mawili: inaleta kijani na nyeusi, na inayeyusha glezi kwa nguvu. Ndiyo maana glezi iliyotulia kwenye tanuri la umeme inaweza kutiririka kwenye la gesi ikiwa ni ileile kwa kila gramu.

Panda na hewa tele hadi nyuzi 900. Hapo sukuma kilango cha dohani taratibu mpaka ulimi laini wa moto utokeze kwenye tundu la kuchungulia, sentimita 5 hadi 10. Kaa hivyo dakika 30 hadi 45, kisha legeza kidogo na uendelee kupanda moto ukiwa bado umebanwa hadi koni 10. Ukiona moshi mweusi umezidisha: unapoteza gesi, joto halipandi, na kaboni inaweza kunaswa ndani ya udongo ukavimba baadaye. Dakika 10 za mwisho fungua hewa ili uso wa glezi usafike.

Upepo wa hapa unahitaji kuheshimiwa. Kusi ikivuma inaweza kusukuma moto urudi nje kupitia mdomo wa kichomeo, na dohani inavuta tofauti na ilivyovuta wakati wa kaskazi. Jenga kinga ya mabati upande wa upepo, lakini usifunge banda. Moto wa kubana hewa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua. Banda liwe wazi pande mbili au zaidi, na usikae upande unaopokea moshi.

Mtungi wa gesi ukitoa kwa kasi hupoa mpaka unaota barafu nje hata kwenye joto la Januari, na msukumo unashuka. Uweke kwenye beseni la maji ya kawaida, au unganisha mitungi miwili. Usiukaribishe moto kamwe.

Umefaulu ukiona koni 9 imelala, 10 imepinda ncha ikigusa chini, na 11 imeanza tu kuinama.

Kupoa. Kwa nyeusi inayong'aa, acha tanuri lishuke haraka hadi karibu 1,050, kisha funga kila kitu. Kwa nyekundu ya kutu fanya kinyume chake: shuka polepole kati ya 1,050 na 900, kama nyuzi 50 kwa saa. Katika kipande hicho chuma kilichozidi hurudi juu ya uso na kujenga fuwele nyekundu. Usifungue mlango kabla ya nyuzi 100. Kwatzi hubadilika umbo ghafla kwenye nyuzi 573, na upepo baridi hapo hupasua chombo.

## Hatua ya 8: Kusoma vigae

Peleka vigae nje, kivulini, mchana. Vitazame kwanza kwa umbali wa mkono, kisha karibu.

Kwa umeme, namba 1 iwe wazi au na ukungu mwepesi. Namba 2 ni asali. Namba 3 ni kahawia ya asali nzito. Namba 4 ni kahawia inayokaribia nyeusi, kutu kwenye tuta. Namba 5 ni nyeusi-kahawia, pengine na utando wa kutu.

Kwa gesi, namba 2 ni kijani cha zeituni, 3 ni zeituni iliyokolea kuelekea kahawia, 4 ni tenmoku: nyeusi yenye kina, na kwenye ukingo na tuta msitari wa rangi ya kutu uliokatika safi. Namba 5 ikipoa polepole inavaa nyekundu ya kutu. Vile vya asilimia 1 na 2 vinatoka kijani hadi kijani-buluu, mradi udongo wa chombo ni mweupe. Udongo wa kijivu huitia seladoni giza.

Ukiona madoa ya duara yenye mng'ao wa chuma kwenye sehemu nene ya namba 4 au 5 ya tanuri la umeme, usiyaite kasoro. Karibu nyuzi 1,230 na kuendelea oksidi nyekundu inaachia oksijeni yenyewe kwa joto tu. Mapovu yanapanda na chuma hadi juu, na glezi ikiwa nene na nzito alama zao zinabaki. Wako wafinyanzi wanaozitafuta alama hizo maisha yao yote.

Sasa kasoro zenyewe:

*Kavu na ya kukwaruza.* Haikuyeyuka. Angalia koni kwanza. Kama koni 10 ililala sawasawa, ongeza chokaa gramu 3 kwa kila 100 za msingi.

*Imetiririka hadi kisahani.* Ongeza kaolini 5 au silika 5, au punguza unene. Kama imetokea kwenye gesi pekee, punguza kubana hewa kabla ya kugusa fomula.

*Kahawia ya tope kwenye tanuri la gesi.* Mara nyingi hewa iliingia wakati wa kupoa na kukirudisha chuma kwenye oksidi nyekundu. Ziba tundu la kuchungulia na midomo ya vichomeo mara tu unapozima, au kwa nyeusi inayong'aa mara tu unapofika 1,050.

*Malengelenge.* Moto umepitiliza, au umebana hewa mno mapema. Choma kigae kilekile tena bila haraka, mengine hufunga.

Badilisha jambo moja tu kila unapochoma. Ukibadilisha chokaa na unene kwa pamoja, kigae kizuri kitakachotoka hutajua kimetoka kwa lipi, na hutaweza kukirudia.

## Hatua ya 9: Glezi ya udongo wetu

Ukishaielewa safu ya kwanza, fanya ya pili kwa udongo mwekundu wa Pwani na jivu la kuni. Hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu malighafi yake kubwa unaichimba mwenyewe na rangi yake haifanani na ya mtu mwingine.

Loweka udongo, upitishe kwenye chekeche, uanike, usage. Jivu liombe kwa wapishi wa harusi wanaopika kwa kuni, na uulize kama hawakuchomea plastiki wala taka. Jivu la jiko la makaa huwa na mchanga. La makumbi ya nazi lina potasiamu na chumvi nyingi, kwa hiyo liache mpaka upate uzoefu. Chekecha jivu, liloweke, mwaga maji ya juu mara mbili, likauke. Vaa glavu, maana maji hayo yanaunguza.

Jagi A: udongo gramu 100. Jagi B: jivu gramu 100. Zote hadi mililita 200, kisha vikombe vitano kwa vipimo vilevile vya Hatua ya 4. Jivu likiwa 0 utapata kahawia nzito, pengine kavu. Likiwa robo glezi inaanza kuyeyuka na kulainika. Likiwa nusu inayeyuka vizuri na kushuka kwa mifereji. Likizidi hapo inakimbia, kwa hiyo kisahani cha kudaka kiwe kipana.

Ukitaka iliyotulia zaidi, changanya udongo, jivu na feldispa kwa theluthi sawa.

Udongo mbichi hunywea ukikauka, na glezi hupasuka. Choma nusu ya unga wa udongo kwenye bakuli hadi nyuzi 900 kabla ya kuupima, tumia nusu mbichi na nusu iliyochomwa. Usichukue udongo wa kando ya barabara wala wa karibu na bahari, na andika mahali hasa ulipochimba: hatua 50 mbele chuma chake kinaweza kuwa tofauti.

Vumbi la grinda na magamba ya chuma kutoka kwa mafundi wa kuchomelea huleta madoadoa mazuri. Chukua ya chuma cheusi cha kawaida tu. Mabati yana zinki, na chuma kisichopata kutu kina kromu, ambayo hutaki kwenye sahani.

## Hatua ya 10: Kabla ya kula kwenye chombo

Kata ndimu, iweke kifudifudi juu ya glezi saa 24. Osha. Ukiona doa, rangi imepauka, au mng'ao umeondoka, glezi hiyo ni ya vasi na chetezo. Nyekundu ya kutu yenye fuwele nyingi ndiyo huanguka mara kwa mara katika jaribio hili, hivyo usiipeleke kwenye bakuli la achari wala la ukwaju kabla haijapita.

Kisha weka kikombe kwenye friza usiku mmoja, kitoe, kiweke ndani ya beseni na ukimiminie maji yanayochemka. Rudia mara tatu, halafu paka wino na ufute. Nyufa laini zikijitokeza, ongeza silika 5 kwa kila 100 za msingi, choma kigae kipya, jaribu tena.

## Hatua ya 11: Kutoka kikombe hadi ndoo

Usiruke kutoka kikombe cha kahawa hadi lita 20. Tengeneza kilo 1 ya kigae ulichokipenda, paka vikombe vitatu, viweke juu, katikati na chini ya tanuri. Vikilingana, tengeneza kilo 5.

Kwenye ndoo andika fomula, tarehe, mfuko wa oksidi uliotumia, na uzito wa mililita 100. Tundika kigae chenyewe kwenye mpini kwa uzi. Kila unapofungua mfuko mpya wa feldispa au wa chuma, choma kigae kimoja na ukiweke kando ya hicho kabla hujapaka hata chombo kimoja cha mteja.